Kengele ya Bwana Badi na Databesi ya Makontena

Charo alianguka kifudifudi, kofia yake ya kazi ikabiringika mpaka kwenye tairi la trela. Alikuwa amefungua bawa moja la mlango wa kontena, akaingiza kichwa kutazama magunia ya mbaazi yalivyopangwa, kama alivyofanya maisha yake yote ya kazi, kisha miguu ikamlegea. Mimi nilikuwa dirishani kwangu. Kabla hajashika komeo la mlango alikuwa ameniuliza kwa sauti, kama ilivyo desturi ya yadi yetu, "Dada Mwanasha, lina neno?" Nami nikatazama kioo cha kompyuta, nikamjibu, "Halina neno, fungua."

Lilikuwa nalo. Kontena lile lilifukizwa dawa ya kuua wadudu huko lilikotoka, na dawa hiyo haibagui mdudu na mtu. Karatasi ya onyo inayobandikwa mlangoni ilikuwa imebanduka njiani baharini. Onyo lililobaki lilipaswa kuwa ndani ya databesi, yaani ile ghala ya habari iliyo ndani ya kompyuta. Na databesi ilikuwa imeniandikia asubuhi ile, kwa herufi kubwa za kijani: IMEKAMILIKA.

Nilitoka mbio, leso nimeibana puani, nikamshika Charo kwa mikanda ya ovaroli na kumburura. Ile pumzi niliyoivuta pale mlangoni ndiyo ninayoikohoa mpaka leo. Tulipelekwa hospitali kwenye gari moja. Mimi nilikuwa nakohoa, yeye hakohoi, na kule kutokohoa kwake ndiko kulikonitia hofu.

Sasa turudi nyuma, maana mtu haanguki kwenye mlango wa kontena kwa sababu ya siku moja.

Jina langu Mwanasha binti Kassim, mkazi wa Likoni, upande wa Shelly Beach, ila si upande wa mahoteli. Nimestaafu. Wenyewe wanasema nimestaafu "kwa sababu za kiafya", kana kwamba afya iliamka asubuhi moja ikaamua yenyewe. Naandika haya kwa nyinyi mlioshika viti vyetu katika mayadi ya Changamwe, mnaobonyeza kitufe na kungoja. Sitawachosha na habari za vyeo, kwa kuwa sikupewa, wala za mshahara, kwa kuwa hadithi yake ni fupi. Shule niliishia darasa la saba. Nikitaja jambo la kitaalamu mjue nimefundishwa na aliyesoma, na nikikosea kosa ni langu, si la mwalimu.

Niliajiriwa kuchemsha chai. Siku hiyohiyo ya kwanza karani wa getini alikwenda kula chakula cha mchana, na mpaka leo hajarudi. Bwana Badi, mwenye yadi, alipita jikoni, akaniona nasoma gazeti lililofungiwa sukari. Akasema, "Huyu anajua kusoma. Mpelekeni dirishani." Basi, hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Dirishani nilimkuta Charo. Alikuwa mkuu wa wafunguaji, wale watu wanaofungua makontena na kusimamia mizigo inaposhushwa. Mtu wa Kaloleni kwa asili, akikaa Mikindani, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti nene ambayo hata foko, ile mashine ya kuinulia mizigo, ikinguruma unamsikia. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Unajua kusoma, dada?"

"Najua."

"Kusoma gazeti najua kila mtu anajua. Kusoma kontena?"

Akanichukua mpaka kwenye ubavu wa kontena moja bovu lenye kutu, akanionyesha kwa kidole. Herufi nne za mwenye kontena, kisha tarakimu, na ile ya mwisho imekaa peke yake ndani ya kijumba. Hiyo ya mwisho, akasema, inatokana na hesabu inayopigwa juu ya zile zilizotangulia. Ukikosea herufi moja au tarakimu moja, hesabu inakataa.

"Sasa wameiweka ya nini, kaka Charo?"

"Ya kumsuta mwongo. Na kingine nikwambie: kontena halifunguliwi kwa kubahatisha. Kwanza unauliza."

"Unamuuliza nani?"

"Yule wa mwanzo kaenda kula. Kuanzia leo nitakuuliza wewe."

Na aliniuliza. Miaka na miaka, kila kontena, mvua au jua, hata lile tunalolijua wote kwamba limejaa viatu vya plastiki. "Lina neno?" Nami nafungua kitabu, natazama kama kuna onyo la dawa, la asidi, la mafuta, namjibu. Wapo wafunguaji waliomcheka. Walikuwa wakimwita Mchumba, wakisema hakuna mtu anayekuja dirishani kwa mwanamke mara nyingi namna ile kwa ajili ya viatu vya plastiki. Yeye alikuwa akiwajibu, "Cheka tu ndugu yangu, ukiwa mzima utacheka sana."

Sasa nieleze kengele, maana bila kengele hamtaielewa databesi.

Getini palikuwa na kipande cha reli kimetundikwa kwa mnyororo. Kila kontena likiingia, mlinzi alikigonga kwa nyundo mara moja. Desturi hiyo ilianzishwa na marehemu baba yake Bwana Badi, aliyekuwa akikaa orofani na buli la kahawa akisikiliza mali yake inavyoingia. Mzee alikuwa na macho mabovu, kwa hiyo kwake kengele ilikuwa na maana. Bwana Badi ana macho mazima kabisa, lakini alirithi masikio ya baba yake pamoja na yadi.

Kompyuta zikaja. Zililetwa na kijana mmoja wa Nairobi aitwaye Dennis, aliyejitambulisha kama injinia. Hatukumwomba cheti, viatu vyake vilitosha. Alitutengenezea mtambo wa mtandaoni ambao unaufungua kama unavyofungua ukurasa wowote wa intaneti, unaingia kwa jina lako, unaona makontena yote. Na jambo jema lilikuwa hili: wakala wa meli anatuletea faili moja yenye makontena yote ya meli nzima na maonyo yake, mimi nabonyeza "Pandisha", habari zote zinaingia kwenye databesi bila mtu kuandika kwa mkono. Siku ya uzinduzi tulilishwa pilau. Bwana Badi alimshika Dennis begani mbele yetu wote.

"Kijana wangu, mtambo mzuri. Una kengele?"

"Kengele gani, mdosi?"

"Kontena likiingia humu ndani, mimi nitajuaje?"

Dennis angeweza kumjibu kwamba atajua kwa kutazama. Lakini mtu aliyeshikwa begani hujibu vingine. Alikwenda kuuunganisha mtambo na simu ya Bwana Badi. Kila mstari mmoja wa faili ukiingia kwenye databesi, ujumbe unatumwa kwake, simu inalia mlio wa kengele. Bwana Badi akawa anakwenda barazani kwa matajiri wenzake kule Mkomani, anaiweka simu juu ya meza, anawaacha wenzake wahesabu.

Tatizo ni kwamba meli moja haina makontena ya kuhesabu kwa vidole. Nikibonyeza "Pandisha", ile duara ya kungojea inaanza kuzunguka, inazunguka, mimi nimekwisha kunywa chai, nimekwisha kuswali, nimerudi, bado inazunguka. Huko nje malori yamejipanga mpaka barabara kuu. Madereva wanakuja kunitukana dirishani kwa adabu ya pwani, ambayo ni mbaya kuliko matusi.

"Mama, hiyo kompyuta inakula nini? Tuichangie."

"Mama, nilipofika hapa mke wangu alikuwa mjamzito. Mtoto sasa ananiita baba kwa simu."

Aliyefurahi alikuwa muuza viazi karai wa nje ya geti. Huyo alijenga.

Ndipo akaletwa Zuhura atuharakishie mtambo. Binti wa Kisauni, amesoma chuo na kazi yake anaijua, mpole wa maneno, hijabu yake imenyooka kama rula. Hakuja na viatu vya kutazamwa. Alikaa nami dirishani asubuhi nzima anatazama tu, kisha akaufungua mtambo kwa ndani, akasoma alichoandika Dennis, akanigeukia.

"Bi Mwanasha, unajua huu mtambo unafanya nini?"

"Unazunguka."

"Unachukua mstari mmoja. Unauingiza kwenye databesi. Unafunga mlango, unapiga muhuri, unapanga upya faharasa zote, yaani zile fihirisi za kutafutia. Kisha unamtumia Bwana Badi ujumbe, unasimama unangoja kampuni ya simu iseme umefika. Halafu ndiyo unarudi kuchukua mstari wa pili."

"Kama mchukuzi anayeshusha gunia moja, kisha anakwenda kumwamsha tajiri amwambie gunia limeshuka."

"Na anamngoja tajiri aseme naam."

Tulicheka mpaka Charo akaja kuuliza kuna nini. Alipoelezwa hakucheka sana. Alimuuliza Zuhura jambo moja tu: "Na maonyo je, mwanangu? Yanaingia wakati gani?" Zuhura akamwambia yanaingia mwisho, baada ya makontena yote. Charo akatikisa kichwa, akasema, "Hapo rekebisha."

Alirekebisha. Nitawaambia alivyonieleza, kwa kuwa kesho mtahitaji. Kwanza aliacha kupeleka mstari mmoja mmoja, akawa anafunga mistari mafungu makubwa, fungu zima linakwenda kwa safari moja. Pili, alitengeneza jedwali la pembeni ambalo tuliliita baraza. Faili yote inamiminwa barazani kwanza, kama wageni wanavyokaribishwa nje kabla ya kuingia ndani. Hapo barazani ndipo mtambo unapokagua: nambari ya kontena inakubali hesabu yake? Limeshaingia zamani? Onyo hili ni la kontena lipi? Tatu, wakishakaguliwa wanaingia ndani wote kwa pamoja, kontena na onyo lake wameshikana mikono, chini ya muhuri mmoja. Kukitokea hitilafu katikati, umeme ukatike au mtandao uzime, hakuna aliyeingia. Wote wanarudi barazani, nami naandikiwa kwa rangi nyekundu kwamba haijaingia. Ama wote, ama hakuna. Fihirisi zinapangwa mara moja tu, mwisho. Na Bwana Badi anapata ujumbe mmoja: meli fulani imeingia, makontena kadhaa, maonyo kadhaa.

Siku ya kwanza nilibonyeza, nikageuka kumimina chai, nikageuka tena, imekwisha. Nikadhani imeharibika. Malori yakaondoka barabarani. Muuza viazi karai alikuja kumtazama Zuhura dirishani kwa jicho ambalo sitaki kulieleza.

Tulikaa raha. Kisha Bwana Badi akamwita Zuhura, na mimi nikaitwa kama shahidi wa jambo nisilolijua. Tulimkuta ameishika simu kama mtu anayeshika ndege aliyekufa.

"Zuhura, binti yangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, baba."

"Mbona umenizika, basi? Nimekaa barazani Mkomani jana toka asubuhi. Simu imelia mara moja. Moja! Wenzangu wameniuliza kama nina matatizo. Mmoja amenishika mkono akanipa pole."

"Baba, ule mmoja una jumla yote ndani yake."

"Jumla hailii."

Zuhura akamweleza, taratibu, kwamba ujumbe mmoja mmoja ndio uliokuwa unachelewesha malori. Akampa njia nyingine: habari ziingie kwanza zote, halafu milio itumwe pembeni polepole, mpaka jioni kama anapenda, bila kuzuia kazi. Mimi nikaona hapo binti kamaliza. Bwana Badi akatikisa kichwa.

"Kontena liingie asubuhi, kengele nipigiwe alasiri? Marehemu baba alisikia palepale."

"Baba, marehemu alikuwa hapati meli nzima kwa faili moja."

"Unamsema marehemu?"

Basi yakaisha hapo. Wiki iliyofuata Zuhura aliambiwa mkataba wake umekwisha. Mkataba ulikuwa bado. Kilichokwisha kilikuwa subira ya Bwana Badi. Akiwa anakusanya vitu vyake aliniambia neno ambalo nataka mlishike nyote mnaofanya kazi hizi: "Bi Mwanasha, akija mtu akisema ameongeza kasi, muulize ametoa nini."

Akarudi Dennis. Viatu vingine, vikali zaidi. Agizo lake lilikuwa hivi: kengele irudi, kila kontena na mlio wake, palepale, na kasi isipungue. Yaani mchukuzi amwamshe tajiri kwa kila gunia, na mizigo ishuke kama ilivyokuwa ikishuka wakati wa Zuhura. Mtu mwingine angesema haiwezekani. Dennis alikaa siku chache na kinywaji chake cha kopo, akatangaza tayari. Nikabonyeza. Kabla sijaondoa kidole, kioo kikawa kijani: IMEKAMILIKA.

Nikakumbuka nilivyousiwa.

"Dennis, mwanangu, umetoa nini?"

"Kutoa aje, madhe?"

"Ili iwe haraka hivi. Umetoa nini?"

Akacheka. Alikuwa kijana mchangamfu, simnyimi hilo. "Madhe, wacha presha. Hizo cheki zote za yule msichana zilikuwa zinakalia njia tu. Nimezitoa. Hiyo baraza yenu nimeitoa."

"Na ile ya wote ama hakuna?"

"Pia hiyo. Faili ikikatika katikati, si nusu imeingia? Nusu si poa kuliko zii, kukosa kabisa?"

"Na hii kijani? Mbona inatokea kabla sijamaliza kubonyeza?"

"Hiyo inaonyesha faili imefika kwa seva. Kuingia itaingia yenyewe huko nyuma, pole pole. Mdosi hapendi kungoja, na wewe hupendi. Kila mtu afurahi."

Nawaeleza ili muelewe alichofanya, kwa maana wapo watu wanaosema mimi mwanamke wa darasa la saba sikuelewa. Mistari ilirudi kuingia mmoja mmoja kama zamani, na mlio wake. Uvivu ulikuwa uleule, ila umefichwa nyuma ya pazia, na mbele ya pazia akaning'iniza neno la kijani. Seva, yaani ile kompyuta kubwa inayotunza databesi, ikichoka katikati ya kazi, ilikuwa inakata na kunyamaza kimya. Makontena yanaingia mwanzo, maonyo yanaingia mwisho. Kinachokatwa, basi, ni kipi? Huna haja ya chuo kujua.

Vituko vilianza mapema. Makontena mengine hayaonekani, tunapandisha faili tena, na kwa kuwa hakuna ukaguzi, yale yaliyokwisha kuingia yanaingia mara ya pili. Dereva mmoja alitumwa kuchukua kontena lililokuwa limeshaondoka. Akazunguka yadi nzima akilitafuta, akaja kuniuliza kama ninalo mkobani. Nikapanda orofani kumwambia Bwana Badi.

"Bwana, makontena yanaingia mara mbili."

"Mara mbili?" Akainua mikono. "Alhamdulillahi!"

"Si hivyo, bwana. Ni yaleyale. Yanaandikwa mara mbili."

"Mwanasha, simu yangu inalia mara mbili ya mwaka jana. Mimi nasikia kwa masikio yangu. Wewe una husuda?"

Akachinja mbuzi. Wallahi, alichinja mbuzi kushukuru kwa ajili ya makontena ambayo hayapo, tukakaa uwanjani tukala. Charo akanisogezea sinia, akaniambia, "Kula dada, huyu mbuzi angalau yuko mmoja." Dennis alipigiwa makofi. Alisimama, akainama kidogo, kama bwana harusi.

Nilisema tena, mara nyingine, mbele ya watu. Niliambiwa kila mtambo mpya una mambo yake. Charo naye alipanda orofani mwenyewe, kitu ambacho hakupenda, akasema wazi: "Bwana, mimi nafungua kwa kusikia jibu la dirishani. Kama jibu la dirishani halina uhakika, niambie nisifungue." Bwana Badi akamwambia, "Charo, wewe una woga wa kizee. Kompyuta inasema imekamilika."

Ndipo ikaja ile meli ya mbaazi, maonyo yake yakakatwa, na hapo ndipo nilipoanzia.

Charo hakufa. Wengine hulitaja jambo hilo kama vile limewaondolea dhambi. Alitoka hospitali mwanaume mwingine. Sauti ile nene imebaki kama upepo unaopita chini ya mlango. Kutoka stendi ya Mikindani mpaka kwake kuna kilima, na sasa anakipanda kwa kupumzika kwenye kila kibaraza cha watu, wanamjua, wanamtolea kigoda. Kwaya anakwenda, anakaa nao, anafungua mdomo tu.

Yadi ikaunda kamati ya uchunguzi. Wajumbe watatu, wote wale waliokula mbuzi. Niliingia kutoa ushahidi nikiwa bado nakohoa. Dennis alikuwapo, na sitamsingizia: alisema mwenyewe, mchana kweupe, mbele yetu sote. "Cheki nilizitoa kwa sababu niliambiwa niharakishe na kengele irudi. Mimi nilifanya vile mdosi alitaka." Nikadhani basi, yamekwisha, mtu amesema.

Mwenyekiti akamtazama Bwana Badi. Bwana Badi akatazama simu.

"Hayo ni mambo ya kompyuta," Bwana Badi akasema. "Kontena lilifunguliwa na mkono, si na kompyuta. Aliyefungua aliuliza kwanza?"

"Aliuliza," nikasema. "Aliniuliza mimi. Nikatazama, nikamjibu halina neno, kwa sababu ndivyo mlivyonionyesha."

"Mwanasha, wewe ulivuta dawa siku ile."

"Nilivuta baada ya kujibu, bwana. Nilivuta kwa kumtoa yeye."

"Lakini ulivuta," akasema mwenyekiti, kwa upole kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. "Kumbukumbu za mtu aliyevuta dawa hatuwezi kuzitegemea."

Wakaamua hivi: Charo alifungua kontena bila kuuliza; ajali ni uzembe wake mwenyewe. Wakabandika tangazo la uamuzi huo ubavuni mwa geti, wakawapigia simu wenye mayadi mengine wajihadhari naye. Mtu ambaye maisha yake yote alichekwa kwa kuuliza, wamemwandika kuwa hakuuliza. Dennis alipewa kazi ya kuweka mtambo uleule, na kijani chake, kwenye yadi mbili nyingine. Muda si mrefu mimi nikaambiwa afya yangu imeamua kustaafu.

Mwezi uliopita nilikwenda Mikindani kumtazama. Mkewe alituwekea mihogo na pilipili. Charo alikuwa amekwenda kuomba kazi ya kukaa getini tu, kwenye yadi moja ya jirani, ya kukaa na kutazama. Wakamwambia samahani mzee, tunajua habari zako, hapa tunataka watu waangalifu.

"Nilikuwa nimewaletea mbuzi wa pole," nikamwambia, kwa mzaha. "Kanishinda njiani."

Hakucheka. Alikaa mpaka pumzi ikatosha, akasema, "Mwanasha, pole yao sitaki. Wala kunirudisha wasinirudishe. Mimi nataka waseme niliuliza. Basi."

Basi. Ndilo jambo lenyewe. Ndiyo maana nimeandika na majina.

Nyinyi mlio kazini, mkipewa kitufe chenye kasi ya ajabu, kijaribuni kwanza kwa kipande cha faili, kikateni katikati kwa makusudi, mtazame kinawaambia ukweli au kinawachekea. Zuhura yuko Kisauni, anafanya kazi zake, mwulizeni, atawafundisha bila kujidai. Kasi ipo. Mimi niliiona kwa macho yangu, kasi ya halali, maonyo yakiwa yameingia yote. Aliyesema kwamba huwezi kuwa na vyote viwili alikuwa anataka kitu cha tatu, kengele.

Na sasa nyinyi wengine.

Dennis, wewe ulishasema mara moja mbele ya watu. Sema tena, safari hii mbele ya wale wanaomfungia Charo geti. Na kwenye zile yadi mbili ulizoweka mtambo wako, waambie wafunguaji leo hii kwamba ukaguzi umeutoa, kabla hajaanguka mwingine. Mwenyekiti wa kamati, wewe unayepima kumbukumbu za watu, tuambie: kama Charo hakuuliza, mimi nilikuwa namjibu nani?

Na wewe, Bwana Badi. Ukaguzi ulitolewa kwa agizo lako, ili simu yako ilie mbele ya wenzako. Nilikwambia, Charo alikwambia, na Zuhura ulimfukuza kwa kukwambia. Libandue tangazo lile ubavuni mwa geti, uwapigie simu wale wale uliowapigia, useme: Charo aliuliza, na jibu la uongo liliwekwa humu kwa amri yangu. Si lazima uje kwangu Likoni. Nenda Mikindani, upande kile kilima, umwambie mwenyewe akiwa hai wa kusikia. Utakwenda lini?